Kikaratasi cha Ukurasa wa Tisini

Magari ya waya, vile vibanda vinavyotupandisha mlimani vikining'inia kwenye kamba za chuma, yalisimama saa kumi na moja jioni kwa sababu ya radi, na watu wasiopungua mia tatu wakabaki kwenye kituo cha chini, wakiutazama mlima wao kwa hasira. Sisi wa mitaa ya juu ya Medellín tumeshazoea. Kazi ziko bondeni, vitanda vyetu viko mlimani, na radi ikianza kupiga, vibanda havitembei hata ukimtukana nani. Kinachobaki ni kutafuta pa kujikinga na mvua na cha kutia tumboni.

Vyote viwili vilikuwa kwa Elkin Usuga. Alikuwa na turubai la buluu mlangoni pa kituo, na chini yake jiko la mkaa alilochomea arepa, mikate midogo ya mviringo ya kwetu, za mahindi mabichi, nene, za manjano, zilizopakwa siagi na kufunikwa jibini jeupe. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye mikono mikubwa na aproni safi kuliko mashati ya watu wengi. Kila mteja kwake alikuwa "jirani", hata yule aliyemwona kwa mara ya kwanza.

Jioni hiyo turubai lilijaa wanafunzi wa sekondari, wakisukumana na kupiga kelele. Katikati yao alikuwa amebanwa mwanamke mweusi mwenye nywele zilizosukwa vizuri na koti la rangi ya haradali, akikumbatia mfuko wa plastiki uliojaa vitabu.

"Jirani!" Elkin alimwita. "Hao watoto wako watanimwagia mkaa!"

"Si wangu."

"Basi wafanye wawe wako kwa dakika kumi. Nitakupa arepa ya bure."

"Yenye jibini?"

"Jibini mara mbili, na siagi mpaka uombe msamaha."

Mwanamke akacheka. Akapanda juu ya kreti la soda, akachomoa kitabu kimoja mfukoni na kuanza kusoma kwa sauti, bila hata kuomba watu wanyamaze. Kilikuwa kisa cha mjane aliyetaka kinanda chake kipandishwe mlimani kwa mgongo wa nyumbu. Kelele zikapungua, kisha zikaisha. Elkin aliunguza arepa tatu bila kujua. Nyumbu alipofika kwenye daraja la kamba na kukataa kuweka mguu, kipaza sauti cha kituo kikatangaza kwamba magari yameanza, na mwanamke akafunga kitabu.

"We! Mbona unafunga? Nyumbu alivuka?"

"Magari yameanza, bwana."

"Yaende zake! Alivuka au hakuvuka?"

"Maktaba iko kituo cha tatu, ghorofa ya pili, chumba cha vijana. Uliza Maryori." Tayari alikuwa anavutwa na umati. "Na uniletee arepa yangu!"

Aliipeleka siku ya pili yake, imefungwa kwa jani la mgomba. Maryori Mosquera aliila yote mbele yake, akajifuta vidole, kisha akakataa kata kata kumwambia habari za nyumbu.

"Mimi mwisho sisimulii. Kisome mwenyewe."

Elkin akakipokea kitabu. Kukikataa kungekuwa kukosa sababu ya kurudi, na tayari alikuwa anataka kurudi.

Hapa niseme jambo ambalo yeye asingependa niliseme. Kusoma kulikuwa kunamtesa. Alitolewa shule akiwa na miaka kumi, familia yao ilipoliacha shamba kule Ituango kwa kukimbia bunduki, na hakukanyaga darasa tena. Herufi alizijua, jina lake aliliandika, vibao vya barabarani alivisoma. Lakini ukurasa mzima ulikuwa mzigo mwingine. Mistari ilimchanganya, na akifika chini alikuwa ameshasahau ya juu. Aibu yake aliificha kwa mzaha, na aliificha vizuri.

Kwa hiyo kitabu cha nyumbu kilisomwa na Mariángel, mtoto wa dada yake, aliyeishi naye nyumba moja. Mariángel alikuwa na miaka kumi na minne, waya kwenye meno na maneno mengi. Alikuwa anabeba kitabu kwenye begi la shule, anasoma hata wakati wa hesabu, kisha jioni anamsimulia mjomba wake huku mjomba akisaga mahindi. Ujira wake ulikuwa arepa mbili kwa kila sura.

"Alivuka, mjomba! Walimfunga macho kwa shali ya mjane!"

"Usiniambie! Na kinanda?"

"Sura inayofuata. Leta arepa."

Maktaba ya mtaa wetu ina sheria zake. Anayerudisha kitabu lazima aseme kwenye kadi kwa nini mwingine akisome, na kadi hutundikwa kwa vibanio kwenye kamba iliyokatiza chumba cha vijana, kama nguo zilizoanikwa. Asiye na kadi haazimi kingine. Anayechelewa siku tatu hukaa siku tatu bila kuazima. Na Jumamosi, vijana wa klabu wanaposoma kwa sauti, msomaji hasaidiwi neno hata moja mpaka aombe mwenyewe. Sheria hiyo ya mwisho aliitunga Maryori, na aliishika kuliko zote.

Kadi za Elkin aliziandika Maryori.

"Niandikie wewe, jirani. Mikono yangu ina siagi."

"Kila siku mikono ina siagi?"

"Ndiyo kazi yangu. Andika: 'Kisomeni, kwa sababu huyo nyumbu ana akili kuliko meya.'"

Maryori alikuwa anacheka mpaka kalamu inamtoka. Kadi za Elkin ndizo zilizopendwa zaidi kwenye ile kamba. Vijana waliazima kitabu kwa sababu yake yeye, mtu ambaye hakuwa amesoma kurasa mbili.

Hivyo ndivyo walivyopendana. Ilichukua vitabu vitatu kufika kwenye busu, na baada ya busu neno "jirani" likabadilika ladha. Jumapili walikaa kwenye benchi la kituo cha juu kabisa, linalotazama bonde zima, wakinywa maji moto ya sukari guru. Simu zao zilikuwa hivi:

"Jirani wa moyo wangu, unafanya nini?"

"Napanga vitabu. Na wewe?"

"Nakisoma kile ulichonipa."

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Sihesabu kurasa mimi. Nipo pale kaka mtu anaporudi."

"Pale nililia!"

"Hata mimi nililengwalengwa na machozi," Elkin alijibu, na hakusema uongo, kwa sababu Mariángel alikuwa msimulizi hodari.

Miezi saba ikapita, vitabu kumi na kimoja. Ikaingia Septemba.

Septemba kwetu ni mwezi wa mapenzi na urafiki, na hakuna ofisi, shule wala saluni isiyocheza rafiki wa siri. Mnaweka majina kwenye mfuko, kila mmoja anachomoa moja, na wiki mbili nzima unamtilia mtu wako utamu kwa siri, peremende hapa, chokoleti pale, mpaka Jumamosi ya sherehe mnapojitaja. Klabu ya maktaba ilicheza kwa namna yake. Kila utamu ulikwenda na kikaratasi cha kupendekeza kitabu, na ili mwandiko wa mtu usimfichue, vikaratasi vyote vilipigwa kwenye taipureta kuukuu ya maktaba. Vijana walipanga foleni kuigonga.

Maryori alicheza mchezo wa pili peke yake. Elkin hakuwa mwanachama wa klabu, lakini Maryori alitaka kumtilia utamu. Alipompa kitabu cha kumi na mbili alikuwa amebandika ndani yake peremende tatu bapa za mapera, na kila moja na kikaratasi kilichopigwa kwa taipureta ileile. Ukurasa wa kumi: *Wewe ndiye unayenichekesha kuliko wote.* Ukurasa wa hamsini: *Nikikuona mlangoni, siku yangu inaanza upya.* Na ukurasa wa tisini kilikuwa kirefu zaidi.

Cha tisini hakikuwa mchezo. Wiki hiyo Maryori alikuwa ameitwa kazini Quibdó, mji wa kwao, kwenda kuongoza chumba cha vijana cha maktaba mpya. Mama yake yuko huko. Jibu lilitakiwa Jumatatu baada ya sherehe. Elkin alimpenda, hilo aliliona, lakini miezi saba hakuwa amesema neno moja juu ya kesho, na Maryori hakutaka kumtingishia barua ya kazi usoni kama mtu anayedai. Alitaka amuulize palepale kwenye benchi lao. Akapiga taipureta:

*Jumapili saa kumi, kituo cha juu, benchi linalotazama bonde. Nina neno la kukuuliza. Ukija, nitajua. Usipokuja, sitauliza kwa nini.*

Kitabu kikaenda moja kwa moja kwenye begi la Mariángel.

Mnaelewa sasa. Mariángel, ambaye naye alikuwa anacheza rafiki wa siri klabuni, aliila peremende ya ukurasa wa kumi darasani, akakisoma kikaratasi, akageuka kumtazama Jerónimo, kijana wa klabu anayekaa dawati la nyuma yake, ambaye kila wakati alikuwa anachezea begi lake. Alipofika ukurasa wa hamsini hakuwa na shaka tena. Ukurasa wa tisini nusura azirai. Vikaratasi vyote vitatu alivificha kwenye kifuko cha penseli, na mjomba wake alisimuliwa kitabu bila ukurasa wa tisini.

Alhamisi Elkin akakirudisha.

"Umekimaliza?" Maryori aliuliza.

"Chote, mpaka jalada."

"Na ukurasa wa tisini?"

"Mzuri kuliko zote," alisema Elkin, akimtolea tabasamu lile lake. Maryori akageuka haraka kupanga kadi, asionekane alivyofurahi.

Jumapili alivaa gauni la manjano lenye mikono mifupi na hereni za dhahabu za bibi yake. Alifika saa tisa na nusu. Saa kumi kamili Mariángel naye alishuka kwenye kibanda, midomo imepakwa rangi, akamwona mwalimu wa maktaba amekaa kwenye benchi lilelile, akajua amekwisha, kwamba mwalimu atamwambia mama yake. Akajibanza nyuma ya mashine ya tiketi na kurudi chini na kibanda kilichofuata. Maryori alikaa mpaka saa kumi na mbili na nusu. Elkin alikuwa anachoma arepa kwenye sherehe ya parokia, akiimba.

Elkin alimpigia Maryori jioni.

"Jirani wa moyo wangu! Leo mkono umekufa ganzi, watu wamekula kama hawatakula tena!"

"Hongera."

"Mbona sauti hiyo?"

"Nimechoka."

"Nikuletee maji ya sukari guru?"

"Hapana, Elkin. Lala salama."

Alimwita Elkin, si jirani. Miezi saba hakuwa amemwita jina lake. Elkin aliiweka simu mezani, na mahindi ya kesho hayakusagwa.

Jumanne alipanda maktaba.

"Una kitabu cha kurudisha?" Maryori aliuliza bila kuinua macho.

"Sina."

"Unataka cha kuazima?"

"Nataka kukuona."

"Umeshaniona."

"Maryori, nimekosa nini?"

Alikuwa ameahidi kutouliza, na ni mwanamke wa ahadi zake, hata za kijinga. "Nimeitwa kazini Quibdó," alisema. "Jumatatu napeleka jibu."

Elkin alisogea karibu na meza. "Na jibu ni lipi?"

"Unalijua vizuri kuliko mimi."

Elkin akaondoka. Njia nzima kibandani alikuwa na wazo moja tu: amejua. Amejua kwamba sijui kusoma, kwamba vitabu kumi na viwili ni uongo mtupu, na mwanamke anayekula na kulala na vitabu ataishije na mtu kama mimi. Aliona ni haki yake kuondoka. Hakumpigia simu tena. Maryori naye hakupiga. Usiku wa nne Elkin alikichukua kile kitabu cha nyumbu alichokwenda kukiazima kwa kijana mmoja wa klabu ili asimwone Maryori, akakaa jikoni na kidole chini ya maneno. Akafika nusu ya ukurasa wa kwanza, jasho linamtoka.

Jumamosi alilazimika kwenda. Arepa sitini za sherehe ya klabu zilikuwa zimeagizwa tangu mwanzo wa mwezi. Aliziingiza kwa sinia, akasimama karibu na mlango na aproni yake, akipanga kuondoka mapema. Maryori alikuwa amevaa sketi ya kijivu na hakuwa na hereni.

Vijana wakaanza kujitaja. Kila aliyetajwa alipigiwa makofi. Ilipofika zamu ya Mariángel, aliyesimama ni Dahiana, msichana mnene mcheshi, akamkumbatia na kumpa kitabu kilichofungwa kwa gazeti.

Mariángel hakukipokea. "Wewe? Siyo Jerónimo?"

"Mimi?" Jerónimo aliruka kitini. "Mimi nilimpata mlinzi wa mlangoni! Muulizeni, nimempa chokoleti tano!"

Chumba kizima kikacheka. Mariángel, uso mwekundu, akafungua kifuko cha penseli. "Basi hivi nani kaniandikia? 'Nikikuona mlangoni, siku yangu inaanza upya.' Na hiki, 'Jumapili saa kumi, kituo cha juu...' Nilikwenda mimi! Nikamkuta mwalimu, nikajificha!"

Kicheko kiliendelea, lakini Maryori alikuwa ameweka chini jagi la juisi.

"Mariángel. Hivyo ulivitoa wapi?"

"Kwenye kitabu, mwalimu."

"Kitabu gani?"

"Kile cha mjo..." Akamtazama mjomba wake pale mlangoni, akajaribu kumwokoa. "Nilikiiba, mwalimu. Kosa langu. Nilikiiba mezani kwake."

Mtu mwingine angeushika uongo ule kwa mikono miwili. Elkin aliufikiria, nawahakikishia. Kisha akavua kofia.

"Hakuiba," alisema. "Alikuwa ananisomea. Vyote kumi na viwili. Mimi kusoma kunanishinda, vijana. Niliacha shule nikiwa mdogo kuliko nyinyi nyote, na nikaona haya kusema, hasa kwa mwalimu wenu." Akageuka kwa Maryori. "Nilidhani umejua, ndiyo maana unaondoka."

"Sikujua kitu," Maryori alisema polepole. "Nilikaa kwenye benchi kwa saa tatu nzima."

"Benchi gani?"

Maryori alikwenda kwa Mariángel, akakichukua kikaratasi cha tatu, akamnyooshea Elkin.

Elkin alikwenda kwenye sinki la pembeni, akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha kidole kimoja kimoja. Akakipokea. Vijana arobaini wakasogea karibu.

"Ju-ma-pi-li," alisoma. "Jumapili saa kumi. Ki-tuo cha juu. Ben... benchi li... lina-lo..."

Jerónimo akafungua mdomo. Maryori aliinua kidole, na mdomo ukafungwa.

"Lina-lota-zama. Linalotazama bonde. Nina neno la ku... la kukuuliza." Jasho lilikuwa linamtiririka mashavuni na hakulifuta. "Ukija, nita-jua. U-si-po... Usipokuja, si-ta... sitauliza kwa nini."

Alifika mwisho. Akarudi juu, akasoma tena kwa macho tu, na safari hii akaelewa yote. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani.

"Nimechelewa siku sita," alisema.

"Siku sita bila kuazima!" vijana wakapiga kelele kwa furaha, maana sheria ni sheria.

"Sawa. Sitaazima. Nitakuja kusomea hapahapa, kama mwenye nyumba atakuwepo." Akamwangalia Maryori. "Ulitaka kuniuliza nini?"

"Kama unataka nibaki."

"Mbele ya hawa wote?"

"Wameshasikia yote, jirani. Kilichobaki ni hilo."

Aliposikia "jirani" uso wake ulifunguka. "Nataka ubaki. Nataka tuishi nyumba moja, na mama yako aje kila sikukuu nimchomee arepa mpaka anichukie. Nilitaka tangu siku ya nyumbu. Sikusema kwa sababu nilijua ukinijua utaondoka."

"Sasa nimekujua," Maryori alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, wala hakuyaficha. "Na nimekukasirikia. Miezi saba, Elkin! Ningekusomea mimi, bila hata arepa."

"Mwalimu!" Mariángel alilalamika. "Usiniharibie biashara."

Walipokwisha kula, vijana walipokuwa wanazozana juu ya taipureta, Maryori alitoa bahasha ya Quibdó kwenye mkoba na karatasi nyeupe, akaviweka mbele ya Elkin pamoja na kalamu.

"Jibu linatakiwa Jumatatu. Liandike wewe, mimi nitatia sahihi."

Elkin aliitazama ile kalamu kama kitu cha moto.

"Jirani wangu, nisamehe. Mikono yangu ina siagi."

"Umenawa," alisema Maryori. "Nimekuona."

Akavuta kiti, akakaa karibu yake bega kwa bega, na hakumsaidia neno hata moja. Elkin akaishika kalamu. Jua lilikuwa linashuka upande wa pili wa bonde alipomaliza mstari wake wa pekee, wenye herufi kubwa zilizopanda na kushuka: *Asanteni sana, lakini Maryori anabaki hapa.*